Maganda ya risasi za zamani: Mali kwenye macho, hasara kwenye mizani

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa Nyanungu hatupi chuma. Jembe likikatika linapelekwa kwa mhunzi, bati bovu linaziba banda la kuku, na fremu ya baiskeli iliyokwisha inawekwa pembeni ya nyumba ikimsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Katika biashara hiyo kila kitu kizito kina bei, na watoto wa vijijini wanalijua hilo mapema kuliko hesabu za darasani.

Hata hivyo, kipo kitu kimoja ambacho hakitakiwi kupanda kwenye mizani hiyo, nacho ni risasi ya zamani. Iwe nzima au limebaki ganda tupu, iwe ya vita au ya mazoezi, risasi ya kuokota haina faida kwa mkulima wala kwa mfanyabiashara mdogo. Wapo wanaodhani ganda la risasi ni shaba ya bei kubwa, na wapo wanaosikia kwamba Ulaya na Marekani maganda hayo hujazwa upya yakatumika tena. Yote mawili yana ukweli wake huko yanakofanyika. Hapa kwetu hesabu inakataa, na makala haya yanaeleza kwa nini.

Chanzo cha tamaa

Kata ya Nyanungu, wilayani Tarime, mkoani Mara, inapakana na Hifadhi ya Taifa Serengeti, na mpaka wa Kenya hauko mbali. Ni eneo la mahindi, mihogo, mtama na ng'ombe. Mkulima wa huko ana maadui wawili wa kudumu: tembo anayeingia shambani usiku na mwizi wa mifugo. Mwenye bunduki halali anatamani risasi za bei nafuu. Asiye na bunduki anatamani angalau fedha ya chuma.

Risasi nazo zina historia ndefu katika eneo hili. Wakurya walijiunga na jeshi kwa wingi tangu enzi za Mwingereza. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 dhidi ya majeshi ya Idi Amin, silaha za kivita zilianza kuonekana katika wizi wa mifugo. Mtafiti wa Marekani, Michael Fleisher, aliliandika jambo hilo katika kitabu chake kuhusu wizi wa ng'ombe katika mpaka wa Tanzania na Kenya, kilichochapishwa mwaka 2000. Wizi wa mishale na mikuki uligeuka kuwa wizi wa bunduki, na mwenye ng'ombe akapoteza mali na wakati mwingine roho.

Kwa hiyo mtu wa Tarime anayeokota risasi njiani au porini haokoti kitu kigeni. Hapo ndipo hatari inapoanzia, kwa kuwa kitu kilichozoeleka hakiogopwi.

Ndani ya risasi mna nini

Risasi moja nzima ina sehemu nne. Kuna ganda, ambalo ndilo chombo. Chini ya ganda kuna fataki, kidude kidogo kinachowaka kikigongwa. Ndani kuna baruti. Juu kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka kwenda kwenye shabaha, na mara nyingi ndani yake kuna madini ya risasi yenyewe, yaani yale mazito yenye sumu.

Risasi inapopigwa, fataki huwaka, baruti huungua, kichwa huenda zake. Kinachobaki ni ganda. Katika nchi ambazo raia wengi wanapiga shabaha kwa mchezo, ganda hilo la shaba ya njano huokotwa, husafishwa, likatiwa fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Ganda ndilo sehemu ya gharama kubwa katika risasi, hivyo anayelitumia mara kadhaa anaokoa fedha.

Risasi za mazoezi zina aina zake. Nyingine ni risasi za moto kama zile za vita, ila zimetengwa kwa ajili ya uwanja wa shabaha. Nyingine ni risasi baridi, ambazo hazina kichwa na hutoa mlio tu. Watu wengi huamini risasi baridi haina madhara. Hilo ni kosa, kwa kuwa ina fataki na baruti kama nyingine, na ikilipuka mkononi au karibu na uso inaumiza vibaya.

Waliofaidika walifanya nini

Biashara ya mabaki ya risasi za jeshi imewahi kumtajirisha mtu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani ilibaki na baruti nyingi isiyo na kazi. Mtu mmoja wa jimbo la Kansas, Bruce Hodgdon, alinunua pauni 50,000 za baruti hiyo, yaani zaidi ya tani 22, akaihifadhi ndani ya behewa kuukuu la treni lililowekwa kwenye malisho ya shamba la kukodi. Akaanza kuiuza kwa wapiga shabaha na wawindaji waliojaza maganda yao wenyewe. Kutoka hapo ilizaliwa kampuni ya baruti inayoendelea hadi leo.

Maganda matupu nayo yana soko huko. Jeshi la Marekani huuza kwa tani maganda yanayookotwa kwenye viwanja vyake vya mazoezi. Machi 2009, mamlaka za jeshi hilo zilipotaka maganda hayo yapondwepondwe kabla ya kuuzwa, viwanda vya kujaza risasi na wapiga shabaha walilalamika, wabunge wakaingilia kati, na agizo likaondolewa ndani ya siku chache.

Mfanyabiashara mwenye akili anaposoma habari kama hizi hujiuliza: kwa nini isiwezekane kwetu? Jibu liko katika mambo ambayo Hodgdon alikuwa nayo. Aliuziwa na serikali yenyewe, kwa karatasi. Baruti yake ilikuwa ya aina moja, inayojulikana ilikotengenezwa na lini, na haikuwa imekaa juani miaka thelathini. Wateja wake walikuwa na vipimo na vitabu vya kuwaongoza. Mwokotaji wa porini hana hata kimoja kati ya hivyo.

Ganda la hapa si lile la kule

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba maganda mengi yanayopatikana katika ukanda wetu si shaba. Tanzania ilianza kupata silaha za Kichina tangu miaka ya 1960, na silaha za Kirusi na za Kichina zimesambaa Afrika Mashariki yote. Risasi za bunduki hizo, hasa zile tunazoziita za SMG, kwa kawaida zina ganda la chuma lililopakwa rangi au kuzungushiwa utando mwembamba wa shaba ili lisipate kutu. Kwa nje linang'aa kama mali. Kwa ndani ni chuma cha kawaida, na sumaku inalinasa.

Jambo la pili ni umbile la chini ya ganda. Maganda yanayojazwa upya kwa urahisi yana tundu moja katikati, ambalo fataki iliyokwisha hutolewa kupitia hapo. Maganda ya mtindo wa Kirusi na Kichina yana vitundu viwili vidogo vya pembeni, na fataki yake haitoki kwa vifaa vya kawaida. Chuma chake nacho hakinyumbuki kama shaba. Kikishatanuka mara moja ndani ya bunduki, kukirudisha kwenye umbo lake ni kukitafutia ufa.

Jambo la tatu ni umri. Baruti ya kisasa ni kemikali inayooza taratibu. Kiwandani hutiwa dawa ya kuizuia isioze, lakini dawa hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, na joto na unyevu huharakisha. Baruti iliyooza inaweza kushindwa kuwaka, au ikawaka kwa nguvu isiyotarajiwa. Katika maghala makubwa, baruti ya namna hiyo inaweza kuwaka yenyewe. Fataki za risasi nyingi za zamani za kijeshi zina chumvi inayotafuna mtutu wa bunduki. Mtu anayeokoa shilingi chache kwenye risasi anaharibu bunduki ya mamilioni.

Upo pia mchezo wa hatari zaidi wa kuchukua baruti ya risasi ya kisasa na kuitia ndani ya gobore. Gobore limeundwa kwa ajili ya baruti nyeusi ya zamani, ambayo nguvu yake ni ndogo. Baruti ya kisasa hupasua mtutu, na mtutu ukipasuka uko karibu na jicho na kiganja cha aliyefyatua, si cha mwizi wala cha tembo.

Hesabu ya mizani

Tuache hatari kwa muda, tufanye hesabu kama wafanyabiashara. Ganda tupu la chuma la risasi ya SMG lina uzito wa karibu gramu 7. Ili kupata kilo moja yanahitajika maganda yapatayo 140. Tuchukulie mnunuzi analipa shilingi 700 kwa kilo ya chuma. Ganda moja litakuwa na thamani ya shilingi 5. Kijana atakayezunguka porini siku nzima akapata maganda 50 atakuwa na shilingi 250. Debe moja la mihogo linamlipa zaidi.

Kwa upande wa maganda ya shaba halisi, ganda la bunduki kubwa lina gramu 11 hadi 12, hivyo kilo moja ni maganda kama 85. Ganda la bastola lina gramu 4 hivi, na kilo moja ni maganda 250. Shaba hiyo ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki, ina bei nzuri kuliko chuma. Lakini nani katika kijiji cha Nyanungu ataeleza alikopata maganda 250 ya bastola?

Hesabu hiyo inaonyesha pia kwa nini watoto huvutwa na risasi nzima kuliko ganda tupu. Risasi nzima ya SMG ina gramu 16 hivi, zaidi ya mara mbili ya uzito wa ganda. Kwenye mizani, kitu chenye hatari zaidi ndicho kinachoonekana kuwa na faida zaidi. Mnunuzi anayepima bila kuangalia anamfundisha mtoto kutafuta risasi nzima.

Yaliyotokea Archers Post na Ngara

Nchini Kenya, jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi kwa miongo mingi katika maeneo ya wafugaji, yakiwamo Archers Post katika Samburu na Dol Dol katika Laikipia. Mabaki ya mazoezi hayo yalibaki ardhini: maganda, vipande vya chuma, na mabomu ambayo hayakulipuka. Wachungaji na watoto waliyakuta, wakayaokota, wakayachezea. Wengine walikufa, wengine wakapoteza mikono, miguu na macho. Julai 2002, serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamasai na Wasamburu zaidi ya 200, ambao ni waathirika na familia za waliofariki.

Fidia hiyo ilipatikana kwa sababu mwenye mabomu alijulikana na wanasheria walipatikana. Mtu anayelipukiwa na kitu alichookota porini mwenyewe, au alichonunua kwa siri, hana wa kumdai.

Hapa nchini, Novemba 2017, guruneti lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, mkoani Kagera, karibu na mpaka wa Burundi. Watoto watano walifariki na wengine makumi kujeruhiwa. Guruneti hilo lilifika shuleni mikononi mwa mwanafunzi aliyeliokota akidhani ni chuma chakavu. Msomaji wa Tarime aifikirie habari hiyo vizuri, kwa sababu mazingira ni yale yale: wilaya ya mpakani, historia ya silaha, watoto wanaojua bei ya chuma, na mizani inayozunguka vijijini.

Hata jeshi lenyewe, lenye wataalamu na maghala, halichezi na risasi zilizozeeka. Milipuko ya ghala la silaha la Mbagala, Aprili 29, 2009, na ile ya Gongo la Mboto, Februari 16, 2011, iliua watu zaidi ya 20 kila mmoja na kubomoa nyumba nyingi Dar es Salaam. Baada ya milipuko hiyo wananchi walionywa wasiguse vyuma vilivyotapakaa mitaani. Onyo hilo linafaa pia kwa shamba la Nyanungu.

Kazi hii ina wenyewe

Risasi zilizopitwa na wakati haziachwi tu, zinashughulikiwa viwandani. Tanzania ina Shirika la Mzinga, Morogoro, lililo chini ya jeshi. Kenya ina kiwanda cha risasi mjini Eldoret. Uganda ina kiwanda cha Luwero Industries huko Nakasongola, ambacho pamoja na kutengeneza risasi kimehusika na kuteketeza zilizochakaa. Huko kuna kuta nene, vifaa vya kupima baruti na watu waliosomea kazi hiyo. Katika majeshi mengi, maganda huhesabiwa na kurudishwa baada ya kila zoezi la shabaha, kwa hiyo ganda la jeshi linalouzwa mtaani lina maswali yake tangu mwanzo.

Sheria nayo haina utani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inakataza mtu kuwa na risasi bila leseni na kutengeneza risasi bila kibali. Kesi za kukutwa na risasi kinyume cha sheria hufunguliwa pia chini ya sheria ya uhujumu uchumi, na kifungo chake ni cha miaka mingi. Mtuhumiwa anaweza kukaa mahabusu msimu mzima wa kilimo akisubiri kesi, shamba likibaki pori. Hiyo ni gharama ambayo haionekani kwenye mizani.

Kwa mwenye risasi ya zamani nyumbani, pengine aliyoachiwa na marehemu baba au babu, ipo njia ya kuitoa bila kuingia matatani. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi mwaka 2030, kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Tanzania ilitangaza msamaha wa namna hiyo mwaka 2022, kuanzia Septemba hadi Oktoba. Tangazo likitoka, lisomwe kwa makini na masharti yake yafuatwe. Asiyejua aanze kwa kuzungumza na mwenyekiti wa kitongoji au ofisa mtendaji ili polisi waje kuichukua, badala ya kuibeba mwenyewe kwenye mfuko wa suruali au bodaboda.

Mwongozo kwa mnunuzi wa vyuma

Mnunuzi wa vyuma chakavu ndiye mlango. Akiufunga, watoto hawatakuwa na sababu ya kuokota. Mambo yafuatayo hayana gharama:

Asinunue chochote kutoka kwa mtoto bila mzazi kuwapo. Amwage mzigo chini polepole na kuuangalia kabla ya kuupima, asinunue gunia lililofungwa. Akatae waziwazi risasi, maganda, na kitu chochote cha mviringo, cha bomba au chenye mabawa ambacho hakijui. Asigonge, asikate kwa msumeno, asichome moto kitu cha aina hiyo ili kuona ndani kuna nini.

Akikikuta tayari kimo ndani ya rundo, asikihamishe. Awaondoe watu, aweke alama kwa mbali, apige simu polisi namba 112 au atoe taarifa kituo cha karibu. Tarime na Rorya zina mkoa wao maalumu wa kipolisi, na polisi wataita wataalamu wa jeshi inapohitajika. Aidha, ahakikishe ana kibali cha kukusanya na kusafirisha vyuma chakavu kinachotolewa chini ya usimamizi wa NEMC, na aandike daftari la nani kamuuzia nini. Daftari hilo ndilo litakalomtetea siku mzigo wake utakapokaguliwa.

Asidhani mzigo ukishafika kiwandani yamekwisha. Risasi nzima ikiingia kwenye tanuri la kuyeyushia chuma hulipuka, na kiwanda kilichoumizwa mara moja hakinunui tena kwa wakala huyo.

Na tembo je?

Linabaki swali la mkulima mwenye tembo mlangoni. Bunduki, hata yenye risasi mpya, si jibu la kila usiku. Tembo aliyejeruhiwa kwa risasi mbovu ni hatari kwa kijiji kizima, na kumuua bila ruhusa ni kesi nyingine kubwa.

Zipo njia za gharama ndogo zinazotumika Afrika Mashariki. Moja ni uzio wa kamba na vitambaa vilivyopakwa pilipili iliyosagwa na kuchanganywa na oili chafu. Harufu yake huwakera tembo, ila hupakwa tena baada ya mvua. Nyingine ni uzio wa mizinga ya nyuki, uliofanyiwa utafiti Kenya na Lucy King, ambao mizinga huning'inizwa kila baada ya mita kama 10 na kuunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Uzio huo unamwachia mkulima asali ya kuuza, faida ambayo ganda la risasi haliwezi kuitoa. Mahindi yakishaliwa, taarifa ipelekwe mapema kwa mtendaji na ofisa wanyamapori wa wilaya, kwa kuwa kanuni za kifuta jasho za mwaka 2011 huangalia ukubwa wa eneo lililoharibiwa na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Fedha hiyo ni ndogo, lakini asiyeripoti hapati hata hicho kidogo.

Kwa mwenye bunduki yenye leseni, anunue risasi kwa muuzaji aliyeruhusiwa, za aina iliyoandikwa kwenye leseni yake, na azihifadhi mahali pakavu penye kufuli. Ni ghali, ndiyo. Lakini ghali hiyo inajulikana kabla ya kulipa. Bei ya risasi ya kuokota hujulikana baadaye, hospitali au mahakamani, na wakati huo hakuna mnunuzi wa vyuma atakayerudisha mzigo.